Kituo cha Afya cha Alexandra na Deni la Chuo Kikuu

Mwaka 2029, Mwenyezi Mungu akijalia, Kituo cha Afya cha Alexandra, ambacho jina lake lilifungamana kwa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Johannesburg, kitatimiza karne moja tangu kuasisiwa kwake. Na kwa kuwa taasisi za matajiri hazikosi waandishi wa kuzitukuza, hali zile za mafakiri aghalabu huzeeka bila ya habari zake kutiwa wino, nimeona ni wajibu kuisimulia tarehe ya nyumba hii mapema, kabla ya siku ya sherehe, ambayo hotuba huwa nyingi na wasaa wa kukumbuka huwa mchache. Chuo Kikuu kina haki ya kujifaharisha kwa kituo hiki, na ni rahisi kwa wahisani kukitia katika orodha ya sadaka zao. Mimi nakitia katika orodha ya madeni, kwa sababu nikizipima huduma walizopata watu wa Alexandra mkabala wa zile walizozitoa wao wenyewe kwa elimu ya utabibu, naona kuwa mizani imewaelemea wakopeshaji ambao hawakuwahi kudai.

Alexandra ni mji mdogo ulio kaskazini-mashariki ya Johannesburg, mwendo wa maili tisa hivi kutoka katikati ya jiji, na eneo lake la asili halizidi sana maili moja ya mraba. Ardhi yake ilikuwa mali ya mtu mmoja aitwaye Papenfus, aliyetaka kwanza kuwauzia Wazungu viwanja, na alipokosa wanunuzi wa kutosha, katika mwaka 1912 mji ukatangazwa kuwa wa watu weusi na machotara, wenye ruhusa ya kununua na kumiliki ardhi kwa hati. Mwaka mmoja tu baadaye, yaani 1913, ilipitishwa ile sheria ya ardhi iliyowaharamishia Waafrika kununua mashamba na viwanja katika sehemu kubwa kabisa ya nchi yao wenyewe. Basi Alexandra ikabaki kama kisiwa, mahali ambapo mtu mweusi aliweza kusema, hiki ni kiwanja changu na hati yake ninayo.

Lakini milki hiyo ilikuwa na adhabu yake. Kwa kuwa mji ulikuwa nje ya mipaka ya manispaa, Johannesburg ilikataa kuutazama kama wake, na serikali kuu iliuachia kamati ya afya isiyokuwa na hazina ya kutosha, ambayo ilitakiwa kufanya kazi za halmashauri nzima kwa mapato ya watu wasio na mapato. Hapakuwa na mifereji ya maji machafu, wala taa barabarani, hata watu wakaupa mji wao lakabu ya Mji wa Giza, na wengine wakasema kuwa ni mtoto asiye na mwenyewe. Kila mtu ajuaye habari za siha anafahamu matokeo ya mambo hayo: kuhara kwa watoto wachanga, homa ya matumbo, kifua kikuu katika vyumba ambamo jamaa nzima hulala pumzi kwa pumzi.

Katika hali hiyo ndipo alipotokea, mwaka 1929, muuguzi mmoja wa kike, Ruth Cowles, mtoto wa wamisionari wa Kimarekani waliofanya kazi Natal, akaanzisha kituo kidogo cha kuwatazama wagonjwa wa Alexandra chini ya misheni yake. Sitaki kumfanya walii, kwa maana misheni za zama zile zilikuwa na kasoro zake na kiburi chake. Ila insafu inataka isemwe kwamba alikwenda mahali ambapo waliopokea kodi hawakwenda. Katika mji huohuo alitumika kwa wakati wake, akiwa ofisa wa afya, Daktari Alfred Xuma, aliyerejea kwao mwaka 1927 baada ya miaka mingi ya masomo Marekani na Ulaya, na ambaye alikuwa rais wa chama cha ANC tangu mwaka 1940 hata 1949. Xuma alijua kwa macho yake yale ambayo wanasiasa wengine waliyajua kwa kusikia, kwamba maradhi ya Alexandra yalikuwa na mizizi katika maji, nyumba na ujira, na kwamba chupa ya dawa peke yake haitoshi kuyang'oa.

Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambacho watu hukiita Wits, kilikuwa kijana katika siku hizo. Shule yake ya udaktari ilianza mwaka 1919, na chenyewe kikapata daraja ya chuo kikuu mwaka 1922. Katika miaka ya 1930 baadhi ya wanafunzi wake wa tiba walianza kusumbuliwa na dhamiri zao kwa kuona kwamba walifundishwa kutibu miili bila ya kuulizwa miili hiyo inaishi wapi. Miongoni mwao walikuwamo Sidney Kark na Emily Kark, ambao mwaka 1940 walikwenda Pholela, katika Natal, wakaanzisha kituo cha afya kilichokuja kuwa kielelezo cha tiba ya jamii katika mabara mengi. Wakati huohuo Alexandra ilikuwa hatarini. Mwaka 1938 wakazi Wazungu wa vitongoji vya kaskazini waliunda umoja wao wa kutaka mji huo uondolewe kabisa, kwa hoja kwamba ni chimbuko la uhalifu na maradhi. Na ni ajabu ya insafu ya binadamu kwamba waliounyima mji maji safi ndio walioushitaki kwa uchafu. Mwishoni mwa muongo huo Chuo Kikuu kilishika mkono wa kituo kile cha misheni, na jina lake likawa Kituo cha Afya cha Alexandra na Zahanati ya Chuo Kikuu.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yangu. Wanafunzi wa miaka ya mwisho waliteremka kutoka Hospital Hill, ilikokuwa shule yao, wakaja Alexandra kujifunza kazi kwa kuifanya. Walipima, walifunga vidonda, waligawa dawa chini ya uangalizi wa waliowazidi elimu, na zaidi ya yote walizalisha. Katika mji usio na umeme, mkunga na mwanafunzi waliitwa usiku nyumbani kwa mjamzito, wakapita katika vichochoro vya matope, wakafika chumba chenye kitanda kimoja na mshumaa mmoja, na humo, mbele ya bibi wa nyumba aliyekwisha kuona kuzaliwa kwa watoto wengi kuliko profesa yeyote, kijana wa miaka ishirini na kitu alijifunza jambo ambalo kitabu chake hakikuweza kumfundisha, yaani kungoja. Mara nyingi mwalimu wa kweli alikuwa yule mkunga Mwafrika, ambaye cheo chake kilikuwa chini na mshahara wake ulikuwa chini zaidi, lakini mikono yake ilijua kabla ya macho kuona. Wanafunzi hao walipata shahada, wakafungua zahanati zao katika mitaa ya ukwasi au wakasafiri ng'ambo. Na ustadi walioutoa Alexandra ukaenda nao kutibu watu ambao hawakuwahi kulisikia jina la mji huo. Mama aliyekubali kuzalishwa na mwanagenzi alitoa mkopo. Mgonjwa aliyekaa kimya wakati kifua chake kinasikilizwa na mmoja baada ya mwingine alitoa mkopo. Mikopo hiyo haikuandikwa katika daftari lolote la mhasibu.

Na juu ya hayo, walilipa. Zahanati haikuwa ya bure; mgonjwa alitoa ada ndogo, na fedha nyingine zilitoka kwa Chuo Kikuu, kwa serikali na kwa wahisani, zikija leo na kukawia kesho, hata wasimamizi wa kituo wakawa katika kila zama watu wa kuomba kuliko watu wa kupanga. Mtu aliyezoea ukwasi atasema kwamba ada ndogo si kitu. Ili kufahamu thamani ya senti katika Alexandra, msomaji na atazame si daftari la zahanati bali nauli ya basi. Mwezi Agosti 1943 makampuni ya mabasi yalipotaka kupandisha nauli ya kwenda mjini kutoka peni 4 hadi peni 5, watu kwa maelfu walikataa kupanda, wakatembea kwa miguu zile maili tisa za kwenda na zile maili tisa za kurudi, siku tisa mfululizo, mpaka nauli ikarejea ilipokuwa. Na mmojawapo wa walioandamana nao alikuwa kijana wa sheria aliyewahi kupanga chumba Alexandra, Nelson Mandela. Mwaka uliofuata mgomo ulirudi tena na ukachukua wiki saba. Mwezi Januari 1957 peni ileile moja ilirudishwa, na safari hii watu walitembea karibu miezi mitatu, katika mvua na jua, huku polisi wakiwasimamisha njiani kuwadai pasi, mpaka ikapatikana suluhu ya kuwatoza waajiri sehemu ya gharama ya usafiri.

Peni moja, basi, ilikuwa na uzito wa kutembea maili kumi na nane kwa siku. Mwenye kulifahamu hilo atafahamu pia kwa nini zahanati iliyo jirani ilikuwa na thamani kubwa kuliko hospitali kubwa iliyo mbali. Hospitali iliyowapokea watu weusi mjini ilitaka nauli ya mgonjwa na nauli ya msindikizaji, na pamoja na hizo ujira wa siku nzima uliopotea, kwa kuwa mwajiri hakumlipa mtu kwa siku ambayo alikuwa amelala au ameuguza. Na Baragwanath, iliyojengwa wakati wa vita kwa askari wa Kiingereza na kufunguliwa kwa raia weusi mwaka 1948, ilikuwa upande wa pili kabisa wa jiji. Gharama ya tiba kwa maskini haianzi dirishani pa kulipia. Huanza pale anapovaa viatu, na mara nyingi humwisha kabla ya kufika kwa daktari. Wanafunzi wa Wits waliofanya kazi Alexandra waliliona jambo hilo kila siku, katika maradhi yaliyofikishwa kwao yakiwa yamekwisha komaa, na naamini kwamba wengi wa wale waliotoka hapo na kuwa watetezi wa tiba ya umma walifanywa hivyo na kutazama mlango wa zahanati ile kuliko na mhadhara wowote.

Sitaifanyia haki historia hii nikificha upande wake wa aibu. Vita vya pili vya dunia vilipofunga njia ya kwenda Ulaya, Wits ilianza kupokea wanafunzi weusi katika udaktari, na mwaka 1947 alifuzu hapo Mary Malahlela, mwanamke wa kwanza Mwafrika kusajiliwa daktari katika Afrika ya Kusini. Lakini milango hiyo ilikuwa nusu wazi. Mwanafunzi mweusi hakuruhusiwa kumpima mgonjwa Mzungu, wala kuhudhuria uchunguzi wa maiti ya Mzungu. Mwenzake Mzungu aliruhusiwa kujifunzia kwa mwili wowote. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1959, iliyomtaka kila mtu mweusi apate idhini ya waziri ndipo asome katika chuo cha Wazungu, na tangu hapo idadi yao ikapungua sana. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi watoto wa Alexandra walizaliwa mikononi mwa wanafunzi wa chuo ambacho wao wenyewe, wakikua, hawangeweza kuingia. Mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya Tume ya Ukweli na Maridhiano kusikiliza mashauri ya sekta ya afya, kitivo cha tiba cha Wits kilifanya uchunguzi wake wenyewe juu ya dhuluma hizo na kukiri makosa. Jambo hilo lilikuwa jema. Ila waliokiriwa ni wanafunzi na wafanyakazi walionyimwa haki zao. Wagonjwa, ambao miili yao ndiyo iliyokuwa madarasa, hawakupata kikao chao.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tuna fungu letu katika faida ya shule zile za mateso. Mwishoni mwa mwaka 1961, Tanganyika ilipopata uhuru na wauguzi wengi wa Kiingereza wakafunga virago, wauguzi ishirini wa Kiafrika kutoka Afrika ya Kusini walivuka mipaka kwa mpango wa chama cha ANC wakaja kuzishika wodi zetu. Walikuja wakijua kwamba huenda wasirudi, na kweli wengi walikaa uhamishoni miaka mingi. Kila ninapofikiri juu ya ustadi unaopatikana mahali pamoja na kwenda kuponya mahali pengine, huwakumbuka hao, kwa kuwa wao walikuja kwetu kwa hiari na kwa hasara yao, na hospitali zetu zikanusurika.

Mji wenyewe ulinyimwa raha hata ya kujua kama utakuwapo mwakani. Mwaka 1963 serikali iliamua kuwa Alexandra ibomolewe nyumba za jamaa na kuachwa mabweni ya vibarua wasio na wake wala watoto. Maelfu walihamishwa kwa nguvu, hata mwaka 1979 juhudi zilizoongozwa na Kasisi Sam Buti zikapata ahadi ya mji kubaki. Zahanati ilipita katika miaka hiyo ikihudumia watu ambao anwani zao zilikuwa zinafutwa.

Mtihani mkubwa ulikuja mwezi Februari 1986. Baada ya mazishi ya kijana mmoja aliyeuawa, yalizuka mapambano baina ya vijana na polisi ambayo Alexandra huyaita Vita vya Siku Sita. Majeruhi wa risasi na marisawa waliletwa katika kituo cha afya, ambacho wakati huo kiliongozwa na Daktari Tim Wilson, na waganga na wauguzi wakafanya kazi mchana na usiku. Lazima ifahamike hofu ya siku zile. Ilikuwa desturi ya polisi wa zama hizo kuwatafuta waliopigwa risasi hospitalini, kwa kuwa jeraha lilihesabiwa kuwa ushahidi wa hatia. Kwa hiyo majeruhi wengi waliogopa hospitali za serikali kuliko walivyoogopa kutokwa na damu, na gharama ya matibabu ikawa uhuru wa mtu. Katika hali hiyo, zahanati ambayo watu waliiamini ilikuwa amana kubwa. Muuguzi mkaazi wa Alexandra aliyemwosha mtoto wa jirani yake vidonda, akanyamaza alipoulizwa jina lake, alihatarisha kazi yake na nafsi yake. Tarehe 5 Machi mji ulizika watu 17 kwa pamoja mbele ya makumi ya maelfu ya waombolezaji. Miaka michache baadaye, kabla ya uchaguzi wa mwaka 1994, vita baina ya wakaazi na watu wa mabweni vilileta tena majeruhi mlangoni, na sehemu moja ya mji ikapewa jina la Beirut.

Uhuru ulipokuja, suala la ada lilijibiwa kwa namna ambayo wazee wa mwaka 1943 wasingeiamini. Mwezi Mei 1994 Rais Mandela, yule aliyeandamana kwa ajili ya peni, alitangaza matibabu ya bure kwa wajawazito na watoto wasiotimiza miaka sita, na mwaka 1996 huduma za msingi katika zahanati za umma zikawa bure kwa wote. Sheria ya taifa ya afya ya mwaka 2003 ikayathibitisha hayo kwa wasio na bima. Alexandra sasa iko jirani na Sandton, mtaa wa mabenki na soko la hisa, na mtu akisimama katika mojawapo ya vilima vyake huiona minara ya vioo kwa macho yake. Ada imeondoka, lakini gharama imejificha katika foleni: anayeamka alfajiri kushika nafasi, naye ni kibarua wa siku, hulipa kwa siku yake.

Imezuka pia gharama nyingine, nayo inawahusu wasemao lugha yetu. Mwezi Mei 2008 mashambulizi dhidi ya wageni, yaliyoua watu zaidi ya 60 nchini, yalianzia Alexandra hiihii. Mwaka 2023 mahakama kuu ya Johannesburg iliamuru kwamba wajawazito na watoto wadogo watibiwe bure bila ya kutazamwa uraia wao, na bado mwaka 2025 vikundi vilisimama malangoni mwa zahanati za Gauteng, jimbo ilimo Johannesburg, vikidai vitambulisho vya wagonjwa, mpaka mahakama ikavizuia. Mama wa Kikongo au wa Kitanzania anayerudishwa mlangoni na mtoto mgongoni hajatozwa hata senti, wala hajatibiwa. Na wale watoto wetu wanaokwenda kusoma katika vyuo vya Johannesburg, Wits ikiwa mojawapo, hawapati hati ya kuingia nchini mpaka wathibitishe kuwa wamekwisha kulipia bima ya afya iliyosajiliwa huko, malipo ambayo mzazi wa Dar es Salaam, aliyezoea kumlipia mwanafunzi shilingi 50,400 kwa mwaka katika mfuko wetu wa taifa, huyapokea kama ada ya pili ya chuo. Wapo watakaosema kuwa kila nchi ina haki ya kulinda hazina yake. Nakubali. Lakini nchi ambayo wauguzi wake walipokewa Tanganyika, na wapiganaji wake wakatibiwa Morogoro na kwingineko bila ya kuulizwa wametoka wapi, ina sababu yake ya pekee ya kutosimamisha walinzi baina ya mgonjwa na tabibu.

Yamebaki mambo mawili ambayo ningependa yafanywe kabla ya mwaka 2029. La kwanza ni kwamba Chuo Kikuu, ambacho kina wanahistoria hodari, kikusanye masimulizi ya wakunga na wauguzi wa Alexandra walio hai, na ya kina mama waliozalishwa nyumbani kwa mshumaa na wanafunzi, kwa kuwa wadogo wao sasa ni wazee, na kila msimu wa baridi huwapunguza. La pili ni kwamba zitengwe nafasi katika shule ya udaktari, pamoja na ada, vitabu na chakula, kwa watoto waliozaliwa na kulelewa katika maili ile moja ya mraba, wala zisiitwe msaada. Ziandikwe katika hesabu za Chuo chini ya malipo ya madeni, na juu yake iandikwe tarehe ya mkopo: 1929.